Usiku Tuliokwenda Kujipima Ubungo

"Nyie wa spea ndio mnaonichelewesha kila siku," mzee wa vifurushi alisema kabla hata sijamaliza shikamoo yangu.

Ilikuwa saa tatu usiku, mwaka 2013, stendi ya Ubungo, enzi hizo mabasi ya mikoani bado yanaanzia pale kabla ya kuhamia Mbezi. Nilikuwa na bosi wangu na kijana mmoja wa stoo. Bosi alitazama chini. Mzee alikuwa amesema kweli.

Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya spea za magari, Chang'ombe. Oda nyingi zilitoka mikoani: fundi wa Iringa anataka shokapu, duka la Mbeya linataka beringi na fani belti. Tunafunga boksi, tunalipeleka Ubungo lilale pale, alfajiri lisafiri na basi. Mara tunachelewa, mara boksi la Makambako linapitilizwa hadi Mbeya. Mwaka ule tukampelekea mteja beringi isiyo ya gari lake, na lori lake likakaa gereji siku nne. Alinipigia simu mwenyewe. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Dada, huko kwenu kuna mtu anayeangalia kinachofungwa?" Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala vizuri.

Bosi alikuwa ameshatafuta dawa. Alituma mtu Kariakoo kwa wauza spea wenzetu, naye akarudi na habari kwamba nao wanachelewa vilevile. Bosi akapumua. Mimi niliumia. Ukijilinganisha na jirani ambaye paa lake nalo linavuja, mvua ikinyesha mtalowa wote.

Ndipo nikamsimulia niliyoyapata kwenye mafunzo mafupi ya ugavi, mada waliyoiita benchimakingi, yaani kujipima kwa anayefanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Xerox ya Marekani ilikuta Wajapani wanauza mashine za fotokopi kwa bei ambayo kwa Xerox ilikuwa ni gharama ya kuzitengeneza tu. Kuanzia 1979 wakawa wanafungua mashine za wapinzani, kipande kwa kipande, wakipima. Lakini kilichonigusa mimi ni habari ya ghala. Kwa mambo ya ghala walikwenda kujifunza L.L.Bean, jimbo la Maine, kampuni iliyouza mabuti na nguo za matembezi ya porini kwa njia ya posta. Fotokopi na mabuti wapi na wapi? Ila kule nako watu waliokota kwa mkono vitu vya kila umbo na kila ukubwa, na waliokota haraka kuliko watu wa Xerox. Vilivyotoka sana vilikaa karibu na meza ya kufungia. Oda zilipangwa kwanza, ili mwokotaji asirudie njia aliyokwisha kuipita.

"Sasa hapa Dar," bosi akauliza, "nani anafanya kazi kama yetu na hana ruhusa ya kuchelewa?"

Nikamwambia ni wale wa vifurushi. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mzigo wako uwe ndani au usiwe ndani. Akanyamaza. Mtu mwenye kampuni kwenda kujifunza stendi si jambo dogo, na ninamheshimu mpaka leo kwa kukubali.

Kabla ya kwenda tulijipima wenyewe wiki nzima, kwa saa ya simu, kila oda, tangu karatasi inapoingia hadi selotepu ya mwisho. Kufunga kulichukua dakika chache tu. Muda mwingi uliliwa na kuzunguka kwenye rafu tukitafuta, na kumsubiri mhasibu asaini. Lilituuma hilo, maana miaka yote tulikuwa tukiwafokea vijana wa kufunga.

Basi usiku ule tukakaa Ubungo. Mzigo ukifika, mzee anaandika namba na kituo kwa makapeni, pande mbili za boksi. "Likikaa vyovyote utalisoma," alisema. Sakafuni kila kituo kina fungu lake: Mbeya kona ya ndani kabisa, kisha Makambako, Mafinga, Iringa, Mikumi, Morogoro, na Chalinze mlangoni. Saa kumi alfajiri buti la basi likafunguliwa. Mzee akasimama na daftari, akaita: "Kumi na saba, Mbeya!" Kuli akaligusa boksi, akairudia namba kwa sauti, ndipo likaingia. Hakuna lililoingia bila kuitwa. Mizigo ya Mbeya ilitangulia, ya Chalinze ikafunga mlango.

Nilimuuliza kwa nini naye asipakie, kazi iende mbio.

"Anayeandika hapakii, mwanangu, na anayepakia haandiki. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya yote mawili, nikapoteza mzigo wa mtu. Nililipa miezi miwili ya mshahara."

Bosi akaagiza chai na chapati kwa mama ntilie, na mzee akaeleza mpaka kunakucha. Alieleza kama mtu aliyesubiri miaka aulizwe.

Si yote yaliyotufaa. Mafungu ya sakafuni yalitushinda ndani ya siku tatu. Plagi na filta si mabegi, zilikanyagwa. Tukaleta kreti za soda, kila moja na jina la mkoa. Lakini kuita na kujibu tulikuchukua kama kulivyo: mmoja anasoma oda, mwingine anaigusa spea na kurudia namba iliyoandikwa juu yake. Siku ya kwanza vijana waliona haya, sauti zao hazikusikika. Wiki ya pili stoo nzima ilikuwa inaitikia. Filta na brekipedi zikahamia karibu na meza ya kufungia, na mhasibu, baada ya kubishana sana, akahamishia meza yake mlangoni kwetu. Na saa ya simu hatukuiacha. Kila Ijumaa tulijipima tena.

Mwezi wa pili, jioni moja, nilipeleka mzigo mwenyewe. Jua lilikuwa bado juu ya Barabara ya Morogoro. Mzee alilipokea boksi, akaligeuza, akaona jina la kituo pande zote mbili. Akanitazama, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akalamba kidole, akaandika huku akitamka polepole:

"Namba moja. Mbeya."