Nilivyomtoa Gon kwenye Tekken 3 baada ya kulishwa uongo mtaa mzima

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu kanipigia simu. Kapata PS1 (PlayStation ya kwanza) ya zamani yenye CD ya Tekken 3, ile gemu ya kupigana wawili wawili, akaniambia, "Mjomba, nimeambiwa ukishika vitufe vya L1 na R1 wakati gemu inafunguka, Gon, yule mchezaji aliyefichwa, anatokea." Nikasema hapana, haiwezekani uongo ule ule ulionila hela mwaka 2003 uwe bado upo mtaani. Kwa hiyo naandika nilivyomtoa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa darasa la sita, Dar es Salaam.

Kwa asiyemjua, Gon ni kale kadinosaria kafupi ka rangi ya chungwa, kenye kichwa kikubwa na mkia. Hana undugu na akina Mishima, ile familia inayogombana kwenye Tekken, wala hana kisasi na mtu yeyote kwenye ile hadithi. Ni mgeni. Katoka kwenye vitabu vya katuni vya Kijapani vya Masashi Tanaka vilivyoanza kutoka mwaka 1991, na ndani ya vitabu hivyo hakuna mnyama anayesema neno hata moja, ni picha tupu. Tekken 3 ilipotoka kwenye mashine za arcade, zile kubwa za kutumbukiza sarafu, mwaka 1997, Gon hakuwemo. Aliingizwa kwenye toleo la PlayStation la 1998, na akafichwa. Mambo haya niliyajua ukubwani. Wakati ule nilichojua ni kwamba jamaa mmoja wa mtaa wa pili kamwona Gon kwa macho yake anatema moto, na mimi sijamwona.

Tulikuwa tunacheza kwenye kibanda cha Anko mmoja: mabati, feni moja, TV mbili za chogo. Ukicheza na mwenzio ni shilingi mia, aliyeshinda anabaki na aliyeshindwa anakabidhi pedi. Ukitaka kucheza peke yako unalipia saa, kama mia tatu au mia nne hivi. PS yenyewe ilikuwa imechoka mpaka haisomi CD ikiwa imekaa kawaida, mpaka uigeuze juu chini. Anko aliiweka hivyo muda wote, na usafi wa lenzi aliufanya kwa ncha ya fulana.

Ushauri wa kwanza niliopewa ndio huo wa L1 na R1. Nikajaribu, hakuna kitu. Wakasema uongeze Start. Hakuna. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi maana ulionekana wa kweli: mmalize Ogre, adui wa mwisho wa gemu, kwa kutumia mchezaji anayeitwa King, raundi zote uzichukue bila kuguswa. Kaka mmoja mkubwa aliniapia kabisa. Nilikula wiki tatu hapo. Hela ya vitumbua yote ikaishia kwa Anko. Na kumbuka Ogre ukishamwangusha anabadilika, anakuwa lile dude kubwa lenye mabawa na pembe linalotapika moto, sasa utalipiga vipi bila kuguswa? Siku nilipofanikiwa karibu kabisa, nikiwa nimebakiza pigo moja, moto ukanigusa mguu. Yule kaka alikuwepo pale pale, akasema, "Ndiyo maana hujampata." Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, kwa sababu hata ningefanikiwa, Gon asingetokea. Hakuna kitu kama hicho.

Ushauri wa tatu ulikuwa nusu kweli. "Andika jina GON." Sawa, wapi? Hakusema. Nikaliandika kwenye rekodi za Time Attack, ule mchezo wa kushindana na saa, nikakaa nasubiri kama mjinga wa harusi. Miaka baadaye binamu yangu wa Tanga ndiye aliyenionyesha mahali pake: ni kwenye Survival, ule mchezo wa kupigana na mmoja baada ya mwingine mpaka ushindwe, ukidumu mpaka uingie kwenye orodha ya waliodumu zaidi, pale ndipo unaandika jina GON. Njia hiyo ni ya kweli kabisa. Aliyenipa nusu yake alinipotezea muda kuliko yule aliyedanganya yote.

Njia niliyotumia mimi inaanzia kwenye wale wachezaji kumi unaowakuta siku ya kwanza: Jin, Xiaoyu, Hwoarang, Eddy, Paul, Law, King, Yoshimitsu, Nina na Lei. Kila ukimaliza gemu na mmoja wao, anafunguka mwingine. Anakuja Kuma yule dubu, Julia, Gun Jack, Mokujin wa magogo, na kuendelea mpaka Heihachi, Ogre na lile dude lenyewe. Wote kumi wakishamaliza, kwenye menyu unaongezeka mchezo wa mpira unaoitwa Tekken Ball. Huko ndiko Gon alikofichwa. Haya nilielezwa na mtoto mpole ambaye hakuna aliyekuwa anamsikiliza, baba yake alikuwa baharia na alikuwa na PS nyumbani.

Jumamosi moja nikaenda na hela ya saa tatu. Niliikusanya kwa mwezi. Nikaanza saa mbili asubuhi kabla kibanda hakijajaa. Eddy nilimmaliza haraka, yule ukibonyeza X na duara tu miguu inaruka kila upande na kompyuta inachanganyikiwa. Law naye hakunisumbua. Nina alinichosha. Lei alinitoa jasho kwelikweli maana sikuwa nazijua staili zake za kulala chini. Saa tano kasoro nilikuwa nimemaliza tisa. Kabaki Yoshimitsu. Watoto wameshajaa nyuma yangu, wengine wamesimama kwenye benchi, Anko mwenyewe kaacha kuhesabu chenji anaangalia. Nikafika kwa Ogre. Nikamwangusha. Akaanza kubadilika.

Umeme ukakatika.

Kibanda kizima kikapiga kelele halafu kikanyamaza. Feni ikawa inazunguka polepole mpaka ikasimama. Mimi bado nimeshika pedi nimeikazia macho ile nukta nyeupe iliyobaki katikati ya kioo, ikafifia, ikaisha. Anko hakuwa na memori kadi, kile kikadi cha kuhifadhi ulipofikia. Alikuwa anasema watoto wataiiba. Maana yake ni kwamba wote niliowafungua walikufa na umeme, na ukirudi naanza na wale wale kumi. Nilitembea mpaka nyumbani bila kusema na mtu.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa yeyote anayetaka kumtoa Gon: memori kadi kwanza, mengine baadaye. Nilinunua ya kwangu Kariakoo, ya kijivu, elfu nne au tano, nusu akanisaidia dada (ndiyo, huyo huyo mama yake na huyu dogo). Niliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila nikifungua mchezaji mmoja nasevu hapo hapo, simngojei wa pili.

Halafu kuna kitu ambacho nilikigundua mwenyewe, hakuna aliyeniambia, na nakionea fahari mpaka leo. Ingia kwenye Option kabla ya kuanza. Ugumu weka Easy, na idadi ya raundi weka moja. Wachezaji wanafunguka vile vile! Gemu haikuhukumu. Kazi iliyonila asubuhi nzima niliimaliza kwa muda mfupi sana, hasa ukibonyeza Start kuruka zile filamu za mwisho. Hela ya saa sikuwa nayo tena, lakini nilikubaliana na Anko niwe nafagia kibanda na kumwagia maji vumbi la mlangoni kila asubuhi ya likizo, naye ananiachia mashine mpaka mteja wa kwanza afike. Siku ya nne nilikuwa na wote kumi, na Tekken Ball ikawa imekaa kwenye menyu inanitazama.

Tekken Ball ni kama voliboli ya ngumi. Kila mtu upande wake, mpira unakuja, unaupiga kwa pigo lolote unalolijua. Ukikudondokea upande wako, damu (ule mstari wa uhai wako) inapungua. Ukikupiga ukiwa umetoka kwa mwenzio na nguvu, inapungua zaidi. Na hapa ndipo siri ilipo: mpira unabeba nguvu ya pigo ulilotumia. Ngumi ya kawaida inakwenda na mpira wa kawaida. Pigo zito linakwenda na risasi. Mipira ni mitatu, wa ufukweni ule mwepesi, wa gamu, na wa chuma. Wengi huchagua ule wa ufukweni kwa sababu ni rahisi kuurudisha. Mimi nikachagua chuma na nikamchukua Paul, kwa ajili ya pigo lake moja tu: chini, chini-mbele, mbele, pembetatu. Anarudi kidogo, anakunja, anaachia ngumi inayoweza kuvunja ukuta.

Mara za mwanzo nilipigwa vibaya, kwa sababu pigo lile ni la polepole na nilikuwa naliachia mpira ukiwa umeshafika. Ikabidi nijifunze kuanza mapema, mpira ukiwa bado unashuka, usawa wa paji la uso wa Paul. Ukisubiri ufike kifuani umechelewa. Nikashinda mmoja, wa pili, nikaendelea, na ghafla upande wa pili kakaa yeye. Mdogo! Anatikisa mkia. Moyo ulinidunda mpaka nikakosea mpira wa kwanza, ukanidondokea. Kosa lilikuwa kumwangalia Gon. Usimwangalie. Angalia mpira peke yake, yeye muache arukeruke. Nilipolielewa hilo, nilimpelekea chuma nne mfululizo, ya nne hakuiwahi.

Niliporudi kwenye ubao wa kuchagua wachezaji, sura yake ilikuwepo. Nikasevu mara mbili. Nikatoka nje ya kibanda kumwita Anko, alikuwa anapiga mswaki.

Wiki hiyo sikutoa pedi. Ngumi nyingi za juu zinampita kichwani, mtu anarusha jab (ngumi za haraka za mbele) zake za kawaida na zote zinakwenda hewani, huku Gon anamtemea moto au anamgeuzia mgongo na kumjambia moshi. Watu walikasirika, wakamlalamikia Anko, na Anko akatoa sheria: Gon marufuku kwenye mechi za hela. Sheria ilikuwa ya haki, ingawa dawa yake ipo na nilishaijua: acha ngumi za juu kabisa, mpige mateke ya chini na ya katikati, mkae mbali kidogo, mikono yake ni mifupi.

Nilimweleza dogo yote haya, na nikamwonya pia asije akadanganywa na Tekken 5 ya PS2. Ile ina Tekken 3 ndani yake, mimi niliinunua kwa ajili hiyo hiyo, lakini iliyowekwa ni ya arcade. Gon hayumo hata ucheze mpaka asubuhi. CD ya PlayStation ndiyo yenye Gon. Jumapili nampelekea ile kadi ya kijivu, kamba ya kiatu bado ipo.