Kauri mwenye pete, akiwa hai

Meza za kuuzia makombe huku Jambiani, Zanzibar, hazikosi kauri, konokono wadogo wa baharini wenye mstari wa rangi ya chungwa mgongoni, mviringo kama pete. Kitaalamu anaitwa Monetaria annulus. Wengi wao wana urefu wa sentimita 2 hivi. Mtu ananunua konzi moja, anatia mfukoni, anaondoka akiamini amemjua kauri, na hilo huniuma, kwa sababu uzuri wake mkubwa umebaki majini.

Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, geuza jiwe taratibu kwenye kidimbwi. Kauri akiwa ametulia hapo chini hulioni gamba lake vizuri, maana hutoa ngozi laini kutoka pande zote mbili na kujifunika nayo hadi mgongoni. Ngozi hiyo ndiyo inayolijenga gamba na kulitia mng'ao. Mguse, airudishe ndani, na gamba litang'aa kama limepakwa mafuta sasa hivi. Hakuna fundi aliyelisugua.

Wanafunzi wangu huniletea magamba membamba, mepesi, yenye mdomo mpana usio na meno, wakisema ni konokono mwingine. Ni huyu huyu, bado mtoto. Akikomaa, mdomo hujikunja kwa ndani, meno hutokeza, na tangu hapo harefuki tena. Gamba huzidi unene tu. Kwa hiyo kauri mdogo kuliko mwenzake si lazima awe na umri mdogo, jambo ambalo darasani huzua ubishi mtamu sana.

Konokono huyu aliwahi kuwa fedha. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walianza kuwanunua Zanzibar na kuwapeleka kwa meli Afrika Magharibi, ambako hadi hapo kauri waliotumika zaidi walikuwa wale wa Maldives. Kule walihesabiwa 40 kwa kamba, 2,000 kwa fungu lililoitwa kichwa, 20,000 kwa gunia. Wa kwetu walikuwa wakubwa na wazito zaidi, lakini walipatikana kwa bei rahisi, basi wakamiminwa kwa wingi mpaka thamani ya fedha ile ikaporomoka. Aliyekuwa na akiba ya magunia alibaki na makombe. Nikisoma habari hiyo huwafikiria pia waokotaji wa pwani hii, walioinama mawe kwa mawe kulijaza gunia moja.

Mama mdogo wangu bado huenda mwambani kuokota vya kula. Siku moja niliinua jiwe nikamkuta kauri ameng'ang'ania, hataki kubanduka. Akanishika mkono.

"Mwache huyo, mwanangu. Kalalia."

Na kweli: jike hubandika vifuko vya mayai kwenye jiwe, kisha huvifunika kwa mguu wake hadi vianguliwe. Watoto hutoka wakiogelea, wakachukuliwa na maji kabla ya kutua chini kuanza kutambaa. Ukimbandua mama, mayai yanabaki wazi kwa kila mwenye njaa. Ukiliacha jiwe limepinduliwa, jua la mchana linayaua.

Bamvua lijalo nawapeleka darasa la tano. Kila mtoto aje na viatu vya kukanyagia miamba, na vikapu vibaki nyumbani. Mama mdogo amekubali kutuongoza.