MongoDB kwenye mizani ya AMCOS

Mfumo mmoja wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, upokee kahawa ya Mbozi na parachichi za Rungwe: hapo MongoDB, hifadhidata inayotunza kumbukumbu kama nyaraka badala ya majedwali, inavutia kweli. Mzigo wa kahawa una daraja na unyevu. Wa parachichi una aina, Hass au Fuerte, na ukubwa wa tunda. Kila mzigo ni waraka wenye sehemu zake, bila wewe kubadili jedwali lolote.

Shida huanza kwenye uzito. Karani mmoja akiingiza 60 kama namba na mwenzake "60 kg" kama maandishi, vyote vinapokelewa. Ukijumlisha kwa $sum, maandishi yanarukwa kimya kimya, mkulima anapunjwa. Weka mapema $jsonSchema, kanuni za kukagua data inapoingia. Wala usirundike mizigo yote ndani ya waraka wa mkulima: kikomo ni MB 16, na utakuwa mzito kabla ya kufika huko. Ipe mizigo mkusanyiko wake, wenye faharasa ya namba ya mkulima na tarehe.

Malipo? Miamala ya nyaraka nyingi (mabadiliko yanayopita yote au kukwama yote) ipo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, ila seva iliyosimama peke yake huikataa. Iwashe kama seti ya replika, yaani kundi la seva zenye nakala za data ileile, hata kama ni ya seva moja. Kwa fedha, mimi ningechukua PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, na sifa za mazao ziingie kwenye safu ya jsonb, inayopokea sehemu zisizofanana.