Alama za ukutani Japani, na sisi tusiosoma maandishi yao

Ukihamia Japani, anza kwa kusoma picha. Maandishi yatakuja polepole. Nilipofika hapa Osaka niliishi kwa picha tu: choo, lifti, treni, pa kuchukulia mizigo. Na kadiri nilivyojua zilikotoka, ndivyo nilivyozidi kuwaheshimu waliozichora.

Mwaka 1964 Tokyo ilipoandaa Olimpiki, mhakiki wa sanaa Katsumi Masaru alikusanya wachoraji vijana wakatengeneza alama za michezo na za huduma, kwa ajili ya wageni wasiojua Kijapani. Kazi ilipokwisha, aliwaomba watie saini kuachia haki zao, ili alama zile zitumike popote bila malipo. Ni michezo ileile ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Ndugu zetu nao walikuwa miongoni mwa wageni waliochorewa njia.

Ile picha ya kijani ya mtu anayekimbilia mlangoni, ambayo siku hizi utaiona hadi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam, ilitokana na misiba. Mwaka 1972 jengo la maduka la Sennichi, hapahapa Osaka, liliungua wakafa watu 118. Mwaka uliofuata likaungua jingine Kumamoto, wakafa zaidi ya 100. Vibao vya milango ya dharura vilitegemea maandishi. Baadaye likaitishwa shindano la kuchora alama, na mchoro ulioshinda ukaboreshwa na Yukio Ota na wenzake, mpaka ukaingia kwenye viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango.

Mama alipokuja kutusalimia kutoka Tanga, nilimpeleka madukani. Akasimama chini ya kibao hicho, akakitazama.

"Mwanangu, moto ukitokea ndiyo tukimbilie huku?"

"Ndiyo, mama."

Kijapani hajui, Kiingereza hajui, na hakuna aliyemweleza.

Vyooni ndiko kulikokuwa na kazi. Choo cha Kijapani kina vitufe pembeni, na sisi tuliozoea kuchamba kwa maji tunakipenda mno. Ila kila kampuni ilikuwa na michoro yake: unatafuta cha kuflashi, unarushiwa maji. Januari 2017 makampuni 9 yalikubaliana alama 8 za pamoja: kufungua kifuniko, kuinua kikalio, kuflashi maji mengi, kuflashi machache, kuosha nyuma, kuosha mbele, kukausha na kusimamisha. Hawa ni washindani wa biashara, lakini walikaa meza moja kwa ajili ya mgeni aliye peke yake chooni. Mimi hilo linanigusa sana.

Si kila kitu kilikwenda laini. Alama yao ya kale ya chemchemi za maji moto ni kama beseni lenye mistari mitatu ya mvuke, na baadhi ya wageni walidhani ni mahali pa kula chakula cha moto. Serikali ikataka kuleta ile ya ISO, yenye watu watatu ndani ya maji. Wenye nyumba za kuogea wakapinga: hii yetu tumeirithi. Mwaka 2017 ikaamuliwa zote mbili zitumike, mwenye mahali achague. Naona walitenda haki. Mgeni asaidiwe, na mwenyeji asinyang'anywe chake.

Nyumbani, milango mingi ya vyoo vya stendi bado imeandikwa ME na KE. Asiyesoma afanyeje? Mkongo au Msomali aliyeshuka basi usiku afanyeje? TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ni wanachama wa ISO, na ISO ina hata utaratibu wa kupima kama alama inaeleweka na watu wa kawaida. Basi wapimeni watu wetu. Mwonyesheni mchoro bibi wa Pangani, mama ntilie, utingo wa basi, mumuulize anaona nini, kabla kibao hakijapigiliwa misumari.