Siku moja maishani mwangu: maabara ya samaki, Mwanza

Saa 12 na nusu asubuhi nipo Mwaloni Kirumba, natafuta sangara mkubwa, mnene wa tumbo. Nikimpata namfukia kwenye barafu, bodaboda, mpaka maabara. Akikaa juani anapoteza maji na vipimo vyangu vya maji na mafuta vinakuwa vya uongo, so kwenye bei sikaagi sana.

Saa 2 natoa vikombe vya jana kwenye oveni, vimelala nyuzi 105 usiku kucha. Kila kimoja kiliingia na gramu 5 za nyama, samaki ni yuleyule mmoja. Cha mgongo kimebaki gramu 1 na kidogo yaani karibu asilimia 80 ilikuwa maji tu, cha tumbo kimebaki karibu gramu 2! Mafuta yakizidi maji yanapungua, ukijumlisha maji na mafuta unakuta inazunguka hapohapo kwenye asilimia 80, protini haichezi sana. Mi hii kitu hainichoshi hata kidogo.

Saa 4 nampasua wa leo. Nachukua shingoni, mgongoni, mkiani (huko mafuta kiduchu), tumboni, na ule ukanda mwekundu wa ubavuni chini ya ngozi ambao watu wanausahau, wakati ndo misuli ya kuogelea taratibu siku nzima, inachoma mafuta ndo maana inayatunza, ile nyeupe ni ya kukurupuka tu. Vibua na jodari wa pwani wanao mwingi zaidi. Kila sehemu nasaga peke yake, blenda naosha kila mara.

Saa 7 ugali fasta.

Saa 8 vilivyokauka vinaingia kwenye soksileti, kifaa cha kutolea mafuta, hiyo ni masaa, huku napokea sampuli za watu. Mfuko umeandikwa "sangara", basi. Sehemu gani? Mkubwa, mdogo? Katoka kutaga? Maana akishataga anakuwa amekonda, mafuta yameishia kwenye mayai, nyama imejaa maji. Bila hayo namba yangu haikusaidii, nawaambia kabisa niletee samaki mzima.

Saa 11 napita kwa wanaobanika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hivi mbona matumbo yanachacha mapema? Nikamwambia mama, moto unatoa maji, mafuta yanabaki, na mafuta ya samaki yakipigwa na hewa yanaharibika upesi. Ya mgongo ndo ya kusafirisha mpaka Kongo, ya tumbo uza hapahapa, tena uanze nayo.