Bibi wa nyundo, Busan

Leo nimepita Yeongdo, kile kisiwa cha hapa Busan, Korea Kusini, chenye karakana za kukarabati meli. Kelele zake, we acha tu!

Zamani kutu ilibanduliwa na akina mama kwa nyundo, wameketi juu ya ubao unaoning'inia ubavuni mwa meli. Kutwa nzima. Wengi masikio yaliharibika.

Nimemkuta mmoja wao nje ya duka. Nikamwamkia kwa Kikorea changu cha kubabaisha.

Akagusa sikio, akatikisa kichwa, akacheka.

Kisha akanishika mkono. Jamani, kile kiganja! Kigumu kama soli ya kiatu, vidole havikunjuki vizuri. Akanitia machenza mawili mfukoni mwa koti, bila kuniuliza.

Bibi wa kwenu alifanya kazi gani ngumu? Nisimulieni.