Nilivyoizoea -ed ya Kiingereza

Kwenye karatasi, vitenzi vya kawaida vya Kiingereza havina maneno: unaongeza -ed, umemaliza wakati uliopita. Kazi iko mdomoni. Ukishakulia lugha ambayo karibu kila silabi inaishia na vokali, ulimi hautaki kusimama kwenye konsonanti, na walked inatoka "wokedi" hata kama kanuni unaijua vizuri.

Mimi niliamua kuisahau ile e, maana mara nyingi haitamkwi kabisa. Nikawa naweka vidole kooni na kutamka kitenzi kikiwa kitupu. Play, call, rob: koo linatetema hadi mwisho, basi sauti inayoongezwa ni d. Work, stop, kiss, watch: koo limetulia, inaongezwa t. Silabi ya ziada, "-id", ni ya vitenzi vinavyoishia na t au d tu, kama want na need. Na hapa nasema sauti, si herufi. Laugh imeandikwa kwa gh lakini sikio linasikia f, kwa hiyo laughed inaishia na t.

Kanuni hiyo ilikaa kichwani upesi, ulimi ukabaki na ukaidi wake. Dawa niliipata kwenye neno linalofuata. Nilitafuta sentensi ambazo kitenzi kinafuatwa na neno linaloanza na vokali, nikavunja silabi upya: walked in nikaisoma "wok-tin", called us "kol-das", stopped at "stop-tat". Ile t ikihamia mbele, ulimi unapata vokali unayoitamani bila kubuni ya kwake. Nilisoma hivyo kwa sauti, polepole, hadi ikawa mazoea. Kwenye walked past wenyewe huimeza t karibu yote, nami sikujitesa nayo.

Tahajia ilikuwa nyepesi zaidi. Studied inabadili y kuwa i kwa sababu kabla yake kuna konsonanti; played haibadili. Stop na plan zina vokali moja na konsonanti moja mwishoni, hivyo konsonanti inarudiwa: stopped, planned. Kwa maneno marefu nasikiliza mkazo. Visit unaukuta mwanzoni, basi visited. Prefer uko mwishoni, basi preferred. Travel ndiyo inayokera: Waingereza huandika travelled, Wamarekani traveled. Kwa kanuni ya mkazo, Wamarekani wana haki, ila ukichagua upande mmoja usiruke kwenda wa pili katikati ya barua.

Kuna pia wicked na naked, ambazo zinatamkwa kwa "-id" ingawa kabla yake kuna k. Hizo ni sifa, si vitenzi, nazo nilizikariri tu. Learned ina sura mbili: ikiwa kitenzi ni silabi moja, ikiwa sifa ya msomi ni mbili.